Picha ya Mcheza Ngoma Isikose Jina



Mwaka jana siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, kikundi chetu kilicheza mbele ya wageni. Wakatupiga picha mpaka tukachoka kusimama. Baadaye nikaona moja imewekwa kwenye bango kubwa. Kijana wa mbele, yule anayekanyaga chini kuliko wote, ni rafiki yangu. Chini wameandika tu kwamba wakimbizi wanacheza ngoma ya asili. Jina hakuna. Hata ngoma yenyewe, ekikibi, haikutajwa. Rafiki yangu akacheka, akasema, "Basi mimi ndiye asili." Mimi sikucheka.

Tangu hapo natafuta habari za picha za wachezaji. Kumbe huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya picha za wachezaji wa kwanza wa dansi ya kisasa, za miaka mia moja iliyopita, na wanazitaka zenye sahihi ya mchezaji mwenyewe. Mwanzoni niliona ni mambo ya wenye pesa. Halafu nikasoma juu ya Isadora Duncan. Mama huyu alizaliwa San Francisco mwaka 1877, akaacha viatu vya baleti akacheza miguu mitupu, akafa Nice, Ufaransa, mwaka 1927. Alijulikana sana, lakini filamu inayosemekana ni yake ni ya sekunde chache tu. Kwa hiyo tunamwona zaidi kwenye picha, kama zile alizopigwa New York na Arnold Genthe. Sasa fikiria picha ambayo yeye ameishika kwa mkono wake, akaandika jina, akampa mtu. Hiyo ni kama amesema: huyu ni mimi, na nimekubali.

Na sisi je? Picha za wacheza ngoma wa Kongo zipo tangu zamani. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuja Léopoldville miaka ya 1920, alitoa postikadi nyingi, akaziita "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayotoweka. Zile nilizoziona kwenye simu zimeandikwa kabila na mahali. Jina la mtu sikuona. Labda mjukuu wa mmoja wao yuko hapa hapa na hajui.

Na sio kwamba Mwafrika hakuweza kuandikwa. Féral Benga, aliyezaliwa Dakar mwaka 1906, alicheza Folies Bergère huko Paris. Carl Van Vechten alipompiga picha mwaka 1937, jina lilibaki na picha. Ndiyo maana hata mimi niliye kambini nikitafuta Benga nampata.

Baba yangu mdogo alikuwa anacheza katika bale ya parokia upande wa Beni. Nyumbani kulikuwa na picha yake ya studio, amevaa njuga, na nyuma ameandika kwa kalamu ya bluu. Tulipokimbia tulibeba godoro na sufuria. Godoro lenyewe lilishaoza. Leo naikumbuka rangi ya kalamu, maneno siyakumbuki, na yeye hayupo wa kumuuliza.

Mimi naona kikundi chetu tuanze wenyewe. Kila mchezaji apigwe picha moja ya kusimama vizuri, sio selfi. Pale Bwera nimeprinti kwa shilingi 1,000. Nyuma aandike kwa mkono wake: jina, ngoma, siku, na nani alimfundisha. Tusitegemee simu. Simu inaibiwa, inaanguka majini, memori ikijaa tunafuta video za ngoma tunabakiza za vichekesho (najua, hata mimi).

Wengine wameniambia ni hatari, jina la mkimbizi halitupwi ovyo. Wana haki. Kuna watu hapa walikimbia watu, sio vita tu. Kwa hiyo picha zenye majina zisiwekwe mtandaoni. Zikae kwenye albamu ya kikundi, na nakala moja abaki nayo mwenyewe. Asiyetaka jina aandike ngoma tu. Asiyetaka kabisa aachwe. Kwenye lile bango hakuna aliyetuuliza, na hapo ndipo paliponiuma.

Mpaka sasa ninazo nne. Ya nne ni ya mama mzee anayewafundisha wasichana wetu kucheza. Hajui kuandika. Nikamwambia, "Mama, weka hata kidole." Akautazama wino, akacheka. "Kidole hiki kimezoea kusaini posho tu." Akakibonyeza polepole, halafu akaniuliza kama na yeye atapewa ya kwake. Nimempa. Ameifunga ndani ya kitenge, pamoja na karatasi zake za ukimbizi.