Mambo ya Nyumbani: Deni la Maji na la Taa

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulificha, nalo ni deni la maji na la umeme.

Miezi minne iliyopita tulikwenda kuitazama nyumba moja hapa Moshi mjini. Baba ameugua siku nyingi, na mama huuza ndizi sokoni Mbuyuni. Tuliona watoto wakibeba ndoo kutoka kwa jirani, na bomba la uani limekauka. Tukauliza, "Mama, maji yalikatwa lini?" Akainama, akasema, "Mwalimu, naona haya. Mwezi wa tatu sasa." Akatoa karatasi za madai chini ya godoro. Jumla yake shilingi 186,000. Tena alikuwa amekusudia kwenda kesho yake kukopa ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Tukamsihi asiende, maana mkopo wa namna hiyo hulipa deni moja na kuzaa matatu.

Kwanza tuliketi pamoja tukazisoma karatasi. Zamani nyumba ile ilitumia uniti 7 kwa mwezi, kisha ghafula zikawa 24. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Basi uniti 24 ni kama ndoo 40 kila siku! Fundi akachimba, akaona bomba limepasuka chini ya mgomba. Kila msomaji aweza kujipima hivi: usiku funga mabomba yote, andika namba za mita, asubuhi, kabla mtu hajachota, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja.

Kisha mama, pamoja na mzee mmoja wa jumuiya, alikwenda ofisini na karatasi zake, akaeleza hali yake bila kuficha, akaomba kulipa kidogo kidogo. Wakapatana: shilingi 66,000 kwanza, kisha 20,000 kila mwezi kwa miezi 6. Mama alitoa 30,000. Majirani wachache wakatoa 36,000, wala jina lake halikutangazwa mbele ya watu. Fedha zililipwa moja kwa moja kwenye deni, na mama akapewa stakabadhi.

Wazee wetu wa mlimani walichimba mifongo kuyaleta maji vihambani. Kila aliyeyatumia alitoka na jembe siku ya kuusafisha mfongo, na aliyekosa alitozwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba maji ni ya Mungu tu, hayana malipo. Maji yana kazi yake, na kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mwenye deni na alipe. Jirani naye asimwache aubebe mzigo peke yake.

Na juu ya taa, wengine husema LUKU haina deni. Sivyo. Tangu 2021 kodi ya jengo hukusanywa kwa njia ya LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kutozwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mtu akikaa gizani miezi kadhaa bila kununua umeme, kodi hujilimbikiza, na siku ya kununua hukatwa kwanza. Yafaa kununua kidogo kila mwezi. Mpangaji akikatwa, na ahesabiane na mwenye nyumba kwa upole, kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Tena tukumbuke kwamba pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima hula uniti moja. Basi nguo za juma zima zipigwe pasi siku moja.

Ninyi walimu na wazee, mkiona bomba limekauka kwa mtu au taa haiwaki, msiulizane njiani. Ingieni ndani, mketi, mzisome karatasi pamoja naye kabla ya kutoa hata senti moja. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mwenye haya hawezi kuhesabu vema akiwa peke yake.

Juzi tulipita tena nyumbani mle. Mtoto alikuwa akichota maji uani, na malipo yaliyobaki ni mawili. Zile stakabadhi haziko tena chini ya godoro. Mama amezitundika ukutani, karibu na mlango.