Mambo ya Nyumbani: Marhamu ya Nta



Mwalimu mmoja ametuandikia kwamba watoto wa shule yake huja asubuhi na magaga miguuni na midomo iliyopasuka kwa baridi, tena haipiti wiki bila mtoto kuanguka na kuchubuka goti. Atuuliza, je, yawezekana kutengeneza marhamu nyumbani bila kununua kopo la dukani? Yawezekana, nasi tumeifanya kazi hiyo miaka mingi. Tutaeleza jinsi ifanywavyo, kisha tutaeleza jambo moja lililotupata. Tungalipenda kulinyamazia, walakini si haki kumfundisha mtu dawa na kumficha hatari yake.

Kwanza nta. Wenye mizinga, kama ndugu zetu wa Tabora ambao asali na nta ni biashara yao tangu zamani, wasiyatupe masega wakiisha kukamua asali. Yafungwe katika kitambaa, yatiwe katika sufuria ya maji, yachemshwe polepole huku yakigandamizwa kwa kijiti. Nta huyeyuka, hupenya kitambaani na kuelea juu. Uchafu husalia ndani. Sufuria ikiachwa usiku kucha, asubuhi utaikuta nta imeganda juu ya maji kama mkate mwembamba wa manjano. Ukwangue upande wa chini palipo na takataka, kisha uirudie kazi hiyo mara ya pili. Sufuria hiyo iwe ya nta tu, maana nta haitoki upesi, na mama wa nyumba atakuwa na neno.

Pili mafuta. Ya nazi yafaa, ya ufuta yafaa, hata ya alizeti, mradi yawe mapya. Pima gramu 25 za nta kwa gramu 100 za mafuta. Kwenye joto la pwani, ambako mafuta ya nazi hukaa majimaji karibu mwaka mzima, ongeza nta kidogo. Usiiweke nta juu ya moto wenyewe, kwa kuwa yaweza kuwaka. Weka bakuli la bati ndani ya sufuria yenye maji ya moto, nayo itayeyuka ikifikia joto la nyuzi 63 hivi. Tia mafuta, koroga, kisha dondosha tone moja juu ya kijiko baridi. Likiganda gumu mno, ongeza mafuta. Likiwa laini mno, ongeza nta. Mimina katika chupa za mdomo mpana zilizochemshwa na kukaushwa kabisa, maana maji kidogo tu huleta ukungu. Andika tarehe juu ya chupa. Siku marhamu yanukapo vibaya, yatupe.

Wengine hutia majani mabichi ya mwarobaini au utomvu wa shubiri. Sisi hatutii. Vyote viwili vina maji, na marhamu huharibika upesi.

Matumizi yake ni haya. Mwenye magaga na aloweke miguu katika maji ya vuguvugu, aisugue, aikaushe, apake usiku kabla ya kulala. Nta haina uganga wa ajabu. Huifunika ngozi ili unyevu wake usipotee, nayo ngozi hujiponya yenyewe. Mafuta mazito ya dukani hufanya kazi iyo hiyo, na mwenye nayo hana haja ya kuhangaika na masega. Goti lililochubuka lioshwe kwanza kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ndipo lipakwe kidogo kwa kijiko safi, lifunikwe kwa kitambaa safi. Vidole visiingie chupani.

Sasa jambo lililotupata. Jioni moja sufuria ya uji ilipinduka, uji ukamwagikia mkono wa binti yetu, naye alikuwa na miaka minne. Sisi, tuliojisifu kwa marhamu yetu mbele ya majirani, tulikimbilia rafuni, si mtungini. Tukampaka mkono wote, tukaufunga kwa kitambaa, tukamwombea, tukangoja kupambazuke. Usiku ule hakulala. Asubuhi mganga wa zahanati alifungua kile kitambaa, akalazimika kuyaosha mafuta yote juu ya malengelenge yaliyopasuka, mtoto akilia na sisi tumemshika. Hakutukemea. Aliuliza tu, “Maji mlikuwa nayo?” Tulikuwa na mtungi mzima. Binti sasa ni mtu mzima, na kovu lingali mkononi mwake.

Basi, penye kuungua marhamu yasiguswe. Mafuta huzuia joto lisitoke, na kumficha mganga ukubwa wa jeraha. Mimina maji safi yenye ubaridi, yasiyo barafu, kwa muda wa dakika 20 kamili, hata mtoto akilia. Na kama hukufanya hivyo mara moja, maji bado yasaidia ndani ya saa tatu za kwanza. Vua bangili na nguo, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Mkingie mtoto sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Kisha funika kwa kitambaa safi kikavu, usipasue malengelenge. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, mpeleke hospitali saa ile ile.

Hali kadhalika jeraha la msumari au la jembe lililoingia ndani: lioshwe, na mtu aende zahanati aulize habari za sindano ya pepopunda. Jichoni marhamu yasitiwe kamwe. Na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe marhamu, wala samadi, wala majivu. Kiachwe safi na kikavu, ila wakunga wa zahanati wakitoa dawa yao.

Nyumbani kwetu chupa ya marhamu haikai tena jikoni. Imewekwa chumbani karibu na viatu, na mahali pake pa zamani pana mtungi wenye kata, ambao watoto hupokezana zamu ya kuujaza kila jioni.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutamjibu mama mmoja aliyeuliza habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu.