Stima ya bei nafuu hugeuka ghali njiani

WAKENYA wengi huamini kuwa bei ya stima huamuliwa pale inapozalishwa. Hiyo ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili huamuliwa saa baada ya saa na maafisa wa kituo cha kitaifa cha kudhibiti umeme jijini Nairobi, wanaochagua mtambo wa kuwashwa na wa kupunguzwa.

Desturi ni kuanza na mtambo wa gharama ya chini. Hata hivyo, umeme hupotea safarini kwa kuzipasha nyaya joto, na mkondo ukiongezeka maradufu, kinachopotea huongezeka mara nne. Tuseme uniti kutoka mbali inagharimu Sh7, na sehemu moja kati ya kumi inapotelea njiani. Ikifika kwa mtumiaji, gharama yake ni takriban Sh7.80. Mtambo wa jirani unaouza kwa Sh7.50 ungekuwa nafuu, ijapokuwa kwenye orodha unaonekana ghali.

Magharibi mwa nchi ndiko hesabu hii ilikouma zaidi. Mvuke wa Olkaria uko Naivasha, ilhali Kisumu iko mbali, na kwa miaka mingi laini za kuelekea huko zilikuwa dhaifu. Ikabidi mtambo wa Muhoroni, unaochoma mafuta, uwashwe ili kuziba pengo. Gharama ya mafuta hayo humwangukia mteja katika bili yake. Hapo ratiba pekee haingefua dafu, zilihitajika nyaya.

Usiku mambo hugeuka. Mahitaji yanaposhuka, mvuke wa Olkaria umewahi kuachiliwa hewani huku upepo wa Turkana ukivuma kwa nguvu. Mnamo Desemba 2017 viwanda vilipewa punguzo la nusu bei kwa stima ya usiku. Wazo lilikuwa jema, ila kiwanda kilipaswa kwanza kuvuka kiwango fulani cha matumizi ndipo kifaidike.

Si haki kuwalaumu maafisa hao kwa kila hasara. Umeme mwingi wa Kenya Power hupotelea katika nyaya za mitaani na mikononi mwa wezi, wala si kwenye laini kuu. Isitoshe, baadhi ya mikataba huilazimu kampuni hiyo kulipia umeme hata usipotumiwa. Afisa anayeuzima mtambo wa aina hiyo ili kupunguza upotevu njiani huokoa umeme, lakini mteja hulipa vilevile.