Dawa ya Jino Si Kung'oa Tu

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Ya pili yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananchi wa kijijini aliyevunjika jino hutibiwa kwa kufuata methali ya kwanza. Mwenye fedha, aishiye karibu na hospitali kubwa ya mjini, hutibiwa kwa kufuata ya pili. Ufa ni ule ule, na maumivu hayabagui. Lakini mmoja hurudi nyumbani na jino lake, na mwenzake hurudi na pengo. Katika makala haya tunataka kusema kwamba tofauti hiyo haitokani na methali, wala si mapenzi ya Mungu. Imetokana na maamuzi ya watu, na yaliyoamuliwa na watu yaweza kuamuliwa upya.

Jino huvunjikaje?

Tuanze na jino lenyewe, maana ni vigumu kudai haki ya kitu tusichokifahamu. Gamba la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata kuliko mfupa. Hata hivyo lina udhaifu mmoja mkubwa: likishaumia halijiponyi. Mfupa uliovunjika huunga. Jino lililopasuka haliungi, kwa sababu chembe hai zilizolijenga gamba hilo hutoweka jino linapochomoza kinywani. Chini ya gamba ipo sehemu laini zaidi, yenye vijitundu vidogo mno vinavyopitisha baridi na joto. Katikati kabisa upo moyo wa jino, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ufa ukiishia kwenye gamba, mtu aweza asisikie kitu. Ukifika kwenye sehemu ya pili, maji baridi humchoma. Ukifika kwenye moyo wa jino, vijidudu hupata mlango, na hapo ndipo usiku unapokuwa mrefu.

Ufa mdogo una ujanja wake. Mgonjwa husikia maumivu makali ya ghafla anapouma kitu, na mara nyingi zaidi pale anapoachia meno. Kisha maumivu hutoweka. Mara nyingi hawezi kuonyesha ni jino lipi. Ufa wenyewe waweza usionekane kwa macho, wala kwa picha ya eksirei. Ndiyo maana wengi hudhaniwa kuwa wanajidekeza, nao huvumilia hadi siku jino linapogawanyika vipande viwili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Visababishi ni vingi. Wapo wanaofungua chupa za soda kwa magego, jambo ambalo tunawasihi vijana waliache. Lipo jiwe dogo katika wali au maharage. Lipo jino lililoliwa na uozo hadi likabaki ganda tupu, likavunjika kwa kutafuna kipande cha muhogo. Lakini si kila jino huvunjika kwa uzembe wa mwenyewe. Katika vijiji vilivyo kandokando ya Mlima Meru, watu wamekunywa kwa vizazi maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi. Meno ya watoto wao huchomoza yakiwa na rangi ya kahawia, na pale madhara yanapokuwa makubwa, gamba hudhoofika na kumeguka. Kijana wa pikipiki anayebeba abiria usiku katika barabara yenye mashimo, bila kofia ya kinga, naye hakupanga kuangukia uso.

Tena yapo meno yanayovunjwa kwa ngumi. Mke anayefika zahanati akisema ameteleza bafuni huenda hakuteleza. Mhudumu anayetibu jino na kunyamazia ngumi amefanya nusu ya kazi. Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, ambaye umati wenye ghadhabu ulimvunja meno katikati ya karne ya tatu. Tangu kale Wakristo wenye maumivu ya meno wameomba maombezi yake. Yafaa tusimkumbuke kwa ajili ya maumivu peke yake, bali pia kwa ajili ya wote wanaopigwa mdomoni ili wanyamaze.

Kabla ya kufika kwa tabibu

Jino likivunjika, suuza kinywa kwa maji ya uvuguvugu, na weka kitambaa chenye maji baridi juu ya shavu. Kipande kilichomeguka kihifadhiwe, kwani pengine tabibu aweza kukigandisha mahali pake. Kula vyakula laini kwa upande mwingine, na kwa maumivu meza dawa ya kawaida kwa kipimo kilichoandikwa. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kitauunguza. Wala usitie ugoro, mafuta ya taa au maji ya betri, ambavyo huacha vidonda vibaya kuliko ufa wenyewe.

Jino zima la mtu mzima, au la mtoto aliyekwisha kubadili meno, likitoka kwa kuanguka, lishikwe upande wa kutafunia, si upande wa mzizi. Likiwa chafu lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, kisha lirudishwe tunduni. Ikishindikana, litiwe katika maziwa na mgonjwa apelekwe upesi. Likirudishwa ndani ya nusu saa, tumaini la kupona ni kubwa. Kadiri muda unavyopita, tumaini hupungua. Jino la utoto lisirudishwe.

Na hili lisomwe kwa sauti katika kila jumuiya: shavu au shingo ikivimba, homa ikipanda, mgonjwa akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, asingoje asubuhi. Usaha wa jino waweza kushuka shingoni na kumziba mtu pumzi. Watu hufa kwa jino. Tena vidonge vichache vya kuua vijidudu vilivyonunuliwa dukani havitoi tiba. Hutuliza kwa muda, na chanzo hubaki ndani ya jino kikingoja.

Koleo bila saruji

Matibabu yenyewe si ya aina moja. Jino lililomeguka kidogo husawazishwa. Lililotoboka huzibwa. Lenye ufa mkubwa huvikwa kofia ili lisiendelee kugawanyika. Moyo wa jino ukiwa umeambukizwa, mizizi husafishwa ndani na kujazwa. Lililopasuka hadi mzizini, hilo hung'olewa, na katika hali hiyo kung'oa ni tiba ya haki kabisa. Hatulaumu koleo. Tunachokataa ni koleo kuwa jibu la kwanza, la pili na la mwisho kwa maskini.

Maana ndivyo ilivyo katika vituo vingi vya vijijini. Penye bahati yupo tabibu wa meno, ipo ganzi, lipo koleo; cha kuzibia hakuna. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanzishwe nchini mwaka 1993, mgonjwa hupima jino lake kwa uzito wa mfuko wake, na kung'oa ndiyo huduma iliyo rahisi kuliko nyingine zote. Kwa hiyo hung'oa. Kisha meno ya jirani huinama kuelekea pengoni, na jino la juu hushuka likitafuta mwenzake asiyekuwapo. Binti aliyepoteza jino la mbele hujifunza kucheka kwa kufunika mdomo kwa kiganja. Jino la pembe si dawa ya pengo, na hata hilo la pembe hana fedha ya kulinunua.

Linalosikitisha zaidi ni hili. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha njia ya kutibu meno yaliyooza bila umeme na bila mashine. Uozo laini hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Mwaka 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Jino lililozibwa mapema kwa namna hiyo halifikii kubaki ganda la kuvunjika. Basi ujuzi uliozaliwa kwetu umesafiri duniani kote. Yawaje usifike katika zahanati iliyo umbali wa siku moja kwa basi kutoka Dar es Salaam?

Pingamizi

Tunafahamu jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba nchi ina malaria, ina akina mama wanaofariki wakijifungua, ina kifua kikuu, meno yangoje. Ni hoja nzito, wala hatutaki mtoto mwenye malaria anyang'anywe dawa kwa ajili ya gego la mtu. Lakini hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, meno si jambo la wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu wapatao bilioni 3.5, yaani karibu nusu ya wanadamu wote. Pili, kungoja si bure. Tundu dogo lisilozibwa leo ndilo jipu la kesho, na jipu hilo humlaza mtu hospitali, humzuia kulima na humtoa mtoto darasani. Anayekwepa gharama ya ufa atalipa gharama ya ukuta.

Zaidi ya hayo lipo suala la utu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, sheria ya Musa inaamuru kwamba bwana akimvunja mtumwa wake jino, mume au mke, amwache huru kwa ajili ya jino hilo. Tutafakari. Katika ulimwengu uliomhesabu mtumwa kuwa mali, jino lake moja lilipewa thamani ya uhuru wake wote. Sasa sisi tunaojiita huru tunalipatia jino la mkulima thamani gani?

Tufanye nini?

Kwanza, tuache kuona aibu kulisema jambo hili. Kila halmashauri huandaa mpango wa afya wa mwaka, na kila kituo kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Waumini waliomo katika kamati hizo waulize kwa jina: je, saruji ya kuzibia meno imeagizwa? Vifaa vya mkono vipo? Tabibu wa meno hufika lini? Kisichoulizwa hakiandikwi, na kisichoandikwa hakinunuliwi.

Pili, Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno "wote" ni zito. Yatupasa tudai kwamba huduma anazopata mwanachama wa kipato cha chini zijumuishe kuziba jino, si kung'oa pekee.

Tatu, zahanati na hospitali za Kanisa zina wajibu wa kutangulia. Seti ya vifaa vya mkono haigharimu kama mashine, na muuguzi aliyefundishwa aweza kuwatambua mapema wenye kuhitaji kuzibwa.

Nne, waajiri wasimkate mshahara mfanyakazi aliyekwenda kutibiwa jino, kana kwamba amekwenda matembezini. Na wazazi wasambaze desturi njema: mswaki na dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na uchunguzi kabla ya maumivu.

Haki haianzii mahakamani peke yake. Huanza pia pale mwananchi anapofungua kinywa chake mbele ya tabibu, naye tabibu ana njia zaidi ya moja ya kumsaidia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, mtu akivunjika jino huenda wapi, kwa nauli kiasi gani, na hupata huduma gani?
2. Ni nani miongoni mwetu anayeiwakilisha jamii katika kamati ya kituo cha afya, na tumtume aulize nini?
3. Je, wapo kati yetu waliovunjwa meno kwa kupigwa? Tutawalinda namna gani?