Kukaa katika Mji wa Jua

Mwaka jana naliwapa wanafunzi wangu wa darasa la saba insha ya kuandika, na swali lilikuwa hili: Je, Shinyanga ni mahali pazuri pa kukaa? Madaftari yalipokusanywa naliyachukua nyumbani, nikayasoma jioni hata usiku. Wengi waliandika kama waandikavyo watoto wanaotaka kumpendeza mwalimu wao: mji wetu una hospitali, una soko, una reli, kwa hiyo ni mzuri. Lakini kijana mmoja, ambaye si mvivu wala si mtundu, aliandika maneno machache tu: "Shinyanga kuna jua na vumbi. Mwezi wa tisa hata mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme. Nikimaliza shule nitakwenda Geita, maana kule kuna dhahabu na mvua."

Nalicheka kwa ajili ya mbuzi wale, maana hata mimi nimewaona. Kisha nikaacha kucheka. Kijana huyu hakusema uongo. Mimi nami nalizaliwa hapa hapa, nimekaa hapa zaidi ya miaka 40, na sijatamani kuhama. Basi ni lazima niwe na sababu, na mtu mzima asiyeweza kumweleza mtoto sababu zake, afadhali anyamaze. Nitazieleza hapa, nanyi mzipime wenyewe.

Nianze na jua lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloshitakiwa. Tangu mwezi wa sita hata wa kumi mvua haipatikani kwetu ila mara chache, na mbingu huwa nyeupe kwa mwanga. Wageni hulalamika. Lakini nendeni mkatazame majabali yaliyo nje ya mji baada ya mavuno ya viazi vitamu. Mtaona akina mama wameanika michembe, yaani viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vikiwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vianikwe. Baada ya siku chache tu vimekauka kabisa, na vikiwekwa mahali pakavu hukaa miezi mingi bila kuharibika. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba jua ni ghala isiyo na mlango. Katika nchi yenye manyunyu na ukungu kila siku, chakula hicho kingeota kuvu kabla ya juma kwisha. Pamba nayo hali yake ni hiyo hiyo: vitumba vikiisha kupasuka, mvua ikivinyeshea nyuzi huchafuka na bei hupungua. Mkulima wa pamba huomba mvua mwanzo wa mwaka, na wakati wa kuchuma huomba jua.

Tena hewa yetu ni kavu, na jambo hili watu wengi hawalifikiri. Mtu akitoka jasho, jasho lile hugeuka mvuke na kuondoka pamoja na joto la mwili. Katika hewa kavu huondoka upesi. Katika hewa yenye unyevu, kama ya pwani, hubaki mwilini na kumchosha mtu. Mtungi wa udongo hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Maji hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Nilipokwenda Dar es Salaam mara ya kwanza nalikunywa maji ya mtungi nikashangaa: yalikuwa vuguvugu! Nalidhani mtungi ule ni mbovu, kumbe ni hewa ya pwani. Tena mji wetu uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, basi jua likitua joto hupungua, na usiku mtu hulala vizuri.

Walakini sitaki mnidhani kuwa nasifu jua tu. Jua bila maji ni adui, nami nalimjua adui huyo nikiwa mdogo.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, dada yangu na mimi twaliamka kabla ya alfajiri, twende kwenye mto mkavu. Twalichimba shimo mchangani, kisha twalikaa kimya kungoja maji yajitokeze chini, kidogo kidogo, tukayachota kwa kata na kuyatia ndooni. Ndoo moja ilitaka saa nzima na zaidi. Siku moja ndoo yetu ilipokuwa karibu kujaa, ng'ombe wa jirani alikuja kwa kiu yake, akaikanyaga, akakanyaga na shimo. Nalilia. Dada yangu hakulia, alichimba shimo jingine. Siku ile tulisonga ugali kwa maji ya rangi ya chai, na shuleni sikufika kabisa. Wala si sisi tu. Watoto wengi walikosa masomo kwa sababu ya maji. Hata mjini, penye mabomba ya bwawa la Ning'hwa, kiangazi kikizidi watu walihangaika.

Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama. Huchukuliwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, husafishwa, kisha hupandishwa kwa mashini mpaka tangi kubwa lililo juu ya kilima, na kutoka pale huteremka katika mabomba. Mtu aendaye kwa miguu angetembea siku tatu au nne kutoka kule mpaka kwetu. Watoto wa leo hufungua bomba kana kwamba maji yamo ukutani tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Siwalaumu, lakini mimi kila nisikiapo bomba linatiririka ovyo uani, moyo hunishtuka, nami hutoka kulifunga hata kama si langu.

Jambo la pili ambalo mji wa jua hauwezi kuliacha ni kivuli, na hapa nitakaa kidogo, maana habari hii ni yetu wenyewe na vijana wengi hawaijui.

Zamani nchi hii ilikuwa na pori. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata pori lilikatwa mahali pengi ili kuwaangamiza mbung'o waletao ugonjwa wa malale na kuua ng'ombe. Nia ilikuwa njema. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikatakiwa, na watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, maeneo mengi ya malisho yaliyokuwa yametunzwa na wazee yaliachwa bila mwenyewe. Hata mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipofika na kuiona ardhi yetu ilivyokuwa uchi, aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Kwa kweli si jangwa. Jangwa hupata mvua isiyofika milimeta 250 kwa mwaka, na sisi hupata kama milimeta 700. Neno lile lilikuwa onyo, nalo lilisikika. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi. Wataalamu walileta miche ya miti, lakini dawa kubwa waliikuta kwa Wasukuma wenyewe, nayo ni ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yaote, yaje kuliwa kiangazi. Mahali palipofungwa, visiki vilivyoonekana vimekufa vilichipuka vyenyewe. Wanavijiji waliamua katika mkutano wao wa jadi, Dagashida, kwamba mwenye kuingiza ng'ombe katika ngitili kabla ya wakati atatozwa faini. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa wa wakati ule, ambao ulikuwa na sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Sheria ile haikuhitaji polisi wengi. Ilihitaji jirani asiyeona haya kumwambia jirani yake, "Ndugu, ng'ombe wako wameingia."

Sasa tutoke kidogo tuone miji mingine ya jua, ili msidhani nasema kwa kupenda kwetu tu. Huko Marekani, katika Arizona, uko mji mkubwa uitwao Phoenix. Huo ni mji wa jangwani kweli, nao una watu zaidi ya 1,600,000. Wengi walihamia kutoka nchi za theluji, wakilifuata jua lile lile ambalo sisi twalilalamikia. Wanakaaje? Sehemu ya maji yao huja kwa mfereji kutoka mto Colorado, safari ya mamia ya kilometa kupita jangwani, kama yetu yajavyo kutoka ziwani. Lakini mwaka 2023 joto la mchana lilifika nyuzi 43 na zaidi kwa siku 31 mfululizo, na mwaka ule watu 645 walikufa kwa sababu ya joto katika wilaya ya Maricopa, ulimo mji huo. Karibu nusu yao walikuwa watu wasio na nyumba. Tajiri mwenye mashini nzima ya kupoza hewa alikuwa na kinga. Aliyekuwa katika hatari kubwa ni yule asiye na paa wala kivuli.

Kadhalika Oman, nchi ambayo watu wengi husema Kiswahili kwa kuwa wazazi wao walikaa Unguja na bara. Mvua yao ni haba kuliko yetu sana. Tangu kale walichimba mifereji, iitwayo falaj, kuyaleta maji kutoka milimani mpaka mashamba ya mitende, na kila mtu alipewa zamu yake. Zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Hebu fikirini: jua linaloyakausha maji ndilo lililotumika kuyagawa! Mitano ya mifereji hiyo iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Nairudia Geita, maana sijamjibu kijana yule. Ni kweli mvua ya Geita yazidi yetu, na ardhi yake ni nzuri. Sina neno baya juu ya watu wake, na mmoja wa ndugu zangu amejenga huko. Lakini dhahabu si sababu ya kutosha ya kuchagua mahali pa kukaa. Mgodi wa Geita wa siku za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000 tu. Katikati ni miaka 34, yatosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa na watoto wake. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009, na kazi ya kutoa dhahabu ikaisha mwaka 2021. Wachimbaji wadogo hushika zebaki kwa mikono ili kuinasa dhahabu, na zebaki ni sumu. Sisi nasi tuna sifa ya almasi, iliyovumbuliwa Mwadui na John Williamson mwaka 1940, lakini sijapata kumwona mtu aliyeketi katika kivuli cha almasi.

Ninalochelea mimi si jua wala Geita. Naona siku hizi mtu akinunua kiwanja mjini, kazi ya kwanza ni kukata miti yote, ya pili kujenga ukuta, ya tatu kumwaga saruji uani. Kisha hukaa ndani na kulalamika joto. Saruji hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Mti hutoa mvuke majanini na kupoza hewa, kama ule mtungi. Kwa maoni yangu, afadhali nyumba isiyo na ukuta yenye mwarobaini miwili, kuliko nyumba yenye ukuta mrefu isiyo na jani. Najua wengine watasema kuwa ukuta huzuia wezi na mti hauzuii. Hilo ni kweli, nami sina jibu lake, ila nasema ukuta na mti vyaweza kukaa pamoja.

Kijana yule nalimpa alama 7 katika 10. Siku ya pili, saa ya mapumziko, nalimkuta chini ya mwarobaini mkubwa wa shule, akisukumana na wenzake kwa ajili ya nafasi, mfano wa mbuzi wake. Nalimwambia kwamba mti ule ulipandwa mwaka 1990, nami nalikuwa katika watoto walioumwagilia, kila mmoja kopo moja jioni.

"Mlipata wapi maji, Mwalimu?"

"Mtoni, mchangani."

Aliutazama mti, akanitazama mimi, akahesabu kwa vidole. "Basi," alisema, "wewe ni mkubwa kuliko mti." Wenzake wakacheka, kengele ikalia, wakakimbilia darasani, nami nikabaki kidogo pale walipokuwa wameketi.