Pikipiki ya bwana shamba bado ina kazi Chato

Kati ya Muganza na Bwanga si vigumu kuikuta: Honda au Yamaha iliyoegemezwa ukuta wa nyuma, tairi zimekaa chini, kuku wanatagia kwenye siti. Aliyeiendesha alikuwa bwana shamba, mwalimu au karani wa chama cha ushirika, enzi ambazo pamba ndiyo iliyolisha wilaya. Leo mjukuu wake anaendesha bodaboda ya mkataba, na kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, abiria wawepo wasiwepo.

Kabla ya kusaini mkataba mwingine, kijana huyo angefaa aivute ile ya babu hadi kwa fundi.

Sababu ya kwanza iko ndani ya injini. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliilenga nchi ambazo pikipiki hupakizwa kupita kiasi na oili hubadilishwa fedha ikipatikana. Badala ya cheni ya kuendesha valvu, ambayo ilihitaji kukazwa mara kwa mara, waliweka vijiti vya kusukuma. Viwanda vya China vikauiga muundo huo, na pikipiki nyingi za bei nafuu zilizoingia Tanzania zimebeba injini za ukoo huo. Kwa hiyo mwenye CG ya zamani anaweza kupata ringi, gasketi na sahani za klachi kwenye maduka ya spea ya Katoro na Buseresere, mradi fundi alinganishe cha zamani na kipya kabla ya kulipa.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka, spea zikaadimika, na vyombo vizima vikawekwa juu ya mawe. Bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, ndiyo iliyowaruhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Hivi sasa hata spea inayopatikana Mwanza tu haisubiri kivuko: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Tatizo kubwa huwa pupa. Wengi huimaliza injini siku ile ile ya kuifufua, kwa kupiga kiki kwa nguvu wakati ringi zimeganda kwenye silinda. Fundi mwenye subira huchomoa plagi, hudondosha oili kidogo, huiacha ilale, kisha huizungusha injini polepole. Petroli ya zamani humwagwa yote, maana imekwisha kuwa gundi inayoziba jeti za kabureta. Tangi lenye kutu huoshwa, la sivyo kutu hiyo itashuka hukohuko. Oili hubadilishwa kabla ya moto wa kwanza. Breki hufunguliwa mbele na nyuma. Tairi nalo lisihukumiwe kwa kashata zake tu: tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2308, zinasema lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2008, na mpira wa umri huo umekakamaa.

Vijana watasema abiria anapenda Boxer mpya. Ni kweli, na pikipiki iliyopasuka bloku au kuoza fremu iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Lakini gunia la mahindi kutoka shambani halichagui chapa, wala fundi anayekwenda machimboni na vifaa vyake.

Kikwazo kigumu kuliko kutu ni kadi. Mara nyingi ina jina la marehemu. Familia inatakiwa kwenda mahakamani, kwa kawaida mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, kisha TRA ibadilishe umiliki. Wengi huona ni safari ndefu kwa chombo cha bei ndogo, wakaingia barabarani hivyohivyo. Wengine hufunga injini nyingine bila kutoa taarifa, na namba yake ikakataa kulingana na kadi. Pikipiki za namna hiyo ndizo huishia kunyeshewa kwenye vituo vya polisi.

Serikali nayo ina deni hapa. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aligawa maelfu ya pikipiki mpya kwa maafisa ugani. Zile zinazostaafishwa ziende mnadani mapema, zikiwa bado zinawaka, badala ya kuozea kwenye yadi za halmashauri. TRA na mahakama wangepanga siku za pamoja Muganza na Buseresere kwa ajili ya kadi za marehemu. Chuo cha VETA Chato, kilichozinduliwa Januari 2021 wakati wa ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi, kingepokea pikipiki hizi za nyuma ya nyumba kwa mafunzo ya vitendo: familia inunue spea, wanafunzi wafanye kazi chini ya mwalimu, na chombo kisitoke getini kabla breki zake hazijakaguliwa na kadi haijawa na jina la atakayekiendesha.