Nasaba Haithibiti kwa Madai

Ni maradhi ya zamani katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwani, kwamba posa hukataliwa na mirathi hugombewa kwa hoja ya karatasi iliyokunjwa sandukuni: shajara ya ukoo. Ikishasomwa, mjadala umekwisha. Haulizwi nani kaiandika, lini, wala kapokea kwa nani.

Sisi tunaona ni wajibu kuuliza. Wanazuoni wa Hadithi hawakulipokea neno lililonasibishwa kwa Mtume (s.a.w.) mpaka wamjue kila mpokezi, zama zake, masheikh aliokutana nao na ukweli wake. Vipi basi neno la babu lipite bila kupimwa? Qur'an Tukufu (2:282) imeamrisha hata deni dogo liandikwe na lishuhudiwe. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemkemea vikali anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua.

Tutajibiwa kuwa fiqhi imekubali nasaba ithibiti kwa kuenea habari zake baina ya watu. Ni kweli, na hiyo ni rehema, kwani lau kila mtu angetakiwa kuleta mashahidi wa kuzaliwa babu yake, wengi wangekosa ukoo. Lakini majirani kujua kwamba fulani ni mwana wa fulani ni jambo moja, na kupanda karne kumi na nne kisha kumvunjia mtu heshima yake ni jambo jingine. Dola za Kiislamu zenyewe zilimweka naqibul-ashraf, na katika zama za Uthmaniya yalikuwepo madaftari ya masharifu, ili madai yapimwe. Naye Ibn Khaldun katika Muqaddima ametoa kipimo chepesi: vizazi vitatu kwa kila miaka mia. Shajara inayofika zama za Mtume (s.a.w.) kwa majina ishirini tu ina swali la kujibu.

Wala tusidhani kuwa kila kilichoandikwa ni hoja. Historia ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu yaliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552. Mbili hizo zinahitilafiana katika majina ya masultani na mpangilio wao. Huko Zanzibar, wengi walioandikwa Waswahili katika sensa ya 1924 hawakuandikwa hivyo tena mwaka 1931. Baba zao hawakubadilika katika miaka saba. Kilichobadilika ni jina walilopenda kuitwa.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 wa kale wa mwambao. Ilionekana kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, zaidi kwa upande wa mama, na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Utafiti huo haumthibitishii mtu yeyote babu yake. Lakini unatukumbusha wale ambao shajara zetu hazikuwataja kabisa: akina mama.

Hapa ndipo penye dhulma. Bibi aliyekuwa suria hufutwa katika simulizi za ukoo, ilhali Sharia inamhesabu mwanawe aliyekubaliwa na baba kuwa huru na mrithi sawa na nduguze. Wapo wanaoficha hati ya ukombozi ya mzee wao, ya baada ya amri ya Zanzibar ya 1897, wakitundika ukutani shajara isiyo na mwandishi. Kwa mtafiti mkweli, hati ile yenye tarehe ndiyo yenye uzito.

Tunapendekeza kila familia ianze na walio hai: iandike majina ya wazazi na mabibi, nani kasimulia na siku gani. Kisha zitafutwe hati za ndoa za kadhi, hati za wakfu na hukumu za mirathi, na pasipothibitika paachwe wazi. Na kamati za misikiti zifungue, mwezi huu huu, daftari la nikahi, uzazi na vifo, likiwa na saini za mashahidi na jina la mama katika kila mstari.